Lugha ya Watu Wawili

Mlio aliobaki nao mgeni ni wa mfuniko wa sufuria. Ulimponyoka bibi wa nyumba ile mlangoni mwa jiko, ukagonga sakafu ya saruji, ukasimama kwa ukingo wake na kuanza kuzunguka, kelele yake ikizidi kwenda mbio na kuwa nyembamba, mpaka ukalala. Watu wazima wote waliokuwa chumbani walishtuka. Baba mtu alijimwagia chai gotini. Mama mtu alijishika kifua. Mtoto, aliyekuwa amekaa chini akiwapa mgongo, aliendelea kubana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa ndoo, kimoja baada ya kingine, kwa utulivu wa karani mkuu.

Mgeni aliyekuwa ameingia nyumba ile kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa ameandaa maswali yake tangu asubuhi, namna ya kuwauliza kama mtoto huitika anapoitwa. Hakuuliza hata moja. Aliona macho ya mama wa mtoto yakitoka kwa mwanawe, yakaenda kwa mfuniko, yakarudi kwa mtoto, na hayakuondoka tena hapo.

Mgeni huyo mtaa mzima ulimwita Mama Mfuko. Alipoanza kazi ya kuzungukia nyumba zenye watoto wadogo waliochelewa kukaa, kutembea au kusema, alikuwa akibeba mfuko mkubwa wa turubai uliojaa mipira, njuga, wanasesere na vipande vya mbao vya rangi. Watoto waliupenda mfuko kuliko mwenye mfuko. Akiondoka nao, mchezo umeondoka. Akirudi wiki ya pili, mama wa mtoto anamwambia hawakufanya kitu, wangefanya nini na vile vitu hawana? Kituo alichofanyia kazi kikabadili utaratibu. Mfuko ukafungiwa kabatini, na tangu hapo akawa anaingia kwa watu mikono mitupu, anafanya kazi na kile anachokikuta: mto, kijiko, ndoo, kiti kilichovunjika mguu. Jina lenyewe liligoma kubadilika. Mumewe, aliyekuwa na kibanda cha kupiga picha za pasipoti, hakuchoka kumtania kwamba yeye peke yake mjini ndiye aliyeoa mfuko akaletewa mtu.

Mikono yake nayo ilibidi aifundishe adabu. Zamani alikuwa akimchukua mtoto, anamkalisha, anamnyoosha, anacheza naye yeye mwenyewe huku mama akitazama kama mtu aliyekuja kuangalia mpira. Mkuu wa kituo aliwakataza. Aliwaambia kwamba mtoto hakai na nyinyi, anakaa na mama yake, na bibi yake, na yeyote anayemshika wakati sufuria iko motoni. Basi hao ndio wenye kazi, nyinyi ni wasaidizi wao. Kwa hiyo kabla ya kumgusa mtoto, sharti ukae na watu wote wa nyumba. Wote. Uwaulize wanamtakia nini mtoto wao, uwasikilize, mkubaliane, ndipo muanze. Akikataa mmoja, unarudi kwa huyo mmoja. Mama Mfuko aliyajua maneno hayo kama anavyojua njia ya kwenda kwake. Wafanyakazi wapya walipoletwa kituoni, ni yeye aliyewafundisha.

Nyumba ya mfuniko ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi mdogo uliogawanywa kwa pazia la kijani. Mwenye nyumba alikuwa fundi wa friji, mtu mpole, mwenye mabega ya kubeba mizigo na sauti ya kuomba radhi. Uani kwake friji za watu zilisimama milango wazi, matumbo nje. Mkewe alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, fundi wa kuiga watu: angeweza kukuonyesha mteja wa mumewe anayelia bei, kwa uso tu, bila neno, mpaka ukashika mbavu. Mama yake fundi, yule bibi wa mfuniko, ndiye aliyeishika nyumba. Siku za gulio alipanga nguo za mitumba mnadani tangu alfajiri hadi jua linapozama, na siku nyingine alikuwepo, na ukiwa nyumbani mwake unajua kwamba yupo. Mtoto wao, wa kike, walimwita Bosi. Alikuwa na umri wa kukaribia miaka miwili, na kila alichokitaka alikinyooshea kidole huku amekunja uso, na mtu mzima aliyechelewa alipigwa teke.

Walikwenda hospitali, wakarudi, wakaenda tena. Mtoto alivishwa kifaa cha masikio, akakitoa, akavishwa, akakitia ndani ya kikombe cha uji. Mwishowe daktari aliwaeleza kwa upole kwamba kwa masikio ya mtoto yule kifaa hakitafanya kitu. Ndipo Mama Mfuko akakaa nao wote ukumbini, kama utaratibu unavyotaka, akawaeleza kuhusu lugha ya alama. Aliwaambia kwamba akili ya mtoto haisubiri. Miaka hii ya mwanzo ndiyo inayotafuta lugha, na ikikosa ya kusikia itachukua ya kuona, mradi apate wa kuongea naye. Ila itabidi wajifunze wote, kila anayekula humu ndani.

"Mikono hapana," bibi alisema. "Humu ndani, hapana."

Hakuwa mkali. Alisimulia akiangalia mapaja yake. Alikuwa na kaka asiyesikia. Watoto wa mtaani walimwita Bubu, wakimfuata nyuma huku wakimwiga. Siku moja walinzi wa ghala walimkamata kwa wizi ambao hakuufanya. Walimuuliza, akawajibu kwa namna aliyoijua, nao walipoona mikono inanyanyuka wakadhani anataka kupigana. Alirudishwa nyumbani na jicho moja. Basi mjukuu wake, bibi alisema, atafundishwa mdomo. Hata kama ni neno moja kwa mwaka, liwe la mdomo, ili siku akiulizwa na mlinzi awe na cha kumjibu.

Fundi aliangalia ndani ya kikombe chake. Alisema tu kwamba mama akishasema, na hakumalizia.

Hapo ndipo pa kurudi kwa huyo mmoja. Mama Mfuko alisema watazungumza tena siku nyingine, akaaga. Alipofika kwenye geti, mke wa fundi akamfuata na beseni la maji machafu la kusingizia. Aliyamwaga taratibu, akiangalia nyuma.

"Dada," alisema, "siku za gulio mkwe wangu hashindi hapa."

Mama Mfuko alielewa papo hapo anachoombwa. Alielewa pia kwamba jibu sahihi ni kukataa, na kurudi kwa mama mkwe, na kukaa naye, na kukataliwa, na kurudi tena. Alikuwa na nyumba nyingi. Mtoto alikuwa anakaribia miaka miwili. Na yule mwanamke kijana alikuwa amesimama na beseni tupu, macho yamemtoka kwa njaa ya kuongea na mwanawe. Mama Mfuko akabadili siku yake ya kuja.

Hakuna kazi aliyowahi kuifurahia kama ile. Mke wa fundi, yule mwigaji, alikuwa amezaliwa kwa lugha hiyo na hakujua. Alama aliyoonyeshwa mara moja ilikaa mikononi mwake kama pete. Maziwa: ngumi inakunjuka na kukunjwa, kama mtu anayekamua. Ongeza. Moto, usiguse. Imekwisha: viganja vinafutana. Mama: vidole viwili vinagonga kidevu. Bosi alitazama haya yote kwa wiki kadhaa kwa dharau ya mkubwa anayeletewa hesabu mbovu. Kisha siku moja, kikombe kikiwa mezani mbali naye, hakunyoosha kidole. Aliinua ngumi, akaikunjua, akaikunja. Mama yake alikaa chini pale pale alipokuwa, akalia huku akimimina maziwa nje ya kikombe.

Pazia la kijani liliwapa mchezo. Mama alijificha nyuma yake, Mama Mfuko akamwonyesha mtoto namna ya kuuliza: vidole viwili kidevuni, halafu kiganja kinageuzwa juu. Mama wapi? Bosi akiuliza, pazia linafunguka na mama anatokea, macho makubwa, ulimi nje. Bosi alianguka kwa kicheko. Waliucheza mpaka pazia likakatika kishikizo. Yakawa ndiyo maneno mawili ya kwanza aliyoyaunganisha maishani, na kila alipoyasema, mama alitokea.

Walikubaliana, wanawake wale wawili, kwamba bibi ataonyeshwa mtoto akishajua maneno ya kutosha. Atamwona mjukuu wake anaomba maji kama mtu, atalainika mwenyewe. Lakini kutosha ni kiasi gani? Yalipofika kumi walitaka yawe ishirini. Na ili siri isivuje, kila mama alipomsikia mkwe wake getini aliichukua mikono ya mtoto, akaikunja ndani ya yake na kuibusu. Bosi akajifunza na hilo. Baada ya muda hata hakuhitaji kukunjwa: bibi akiingia, mikono inalala.

Kituoni, mkuu alipouliza familia ile inaendeleaje, Mama Mfuko alijibu kwamba wote wako pamoja naye. Nyumbani mumewe alimtania kwamba siku hizi anaongea kwa mikono hata usingizini na karibu amtoboe jicho. Alicheka. Alikuwa ananenepa, watu walimwambia, na kweli.

Mke wa fundi alikuwa mjamzito wakati huo, na tumbo lilipokuwa kubwa Bosi alilipiga kofi na kuuliza, na mama akamjibu: mtoto. Alisema huyu atakayekuja atafundishwa lugha na dada yake, yeye atapumzika. Alikwenda hospitali kujifungua asubuhi moja, kwa miguu yake, begi limebebwa na mumewe. Hakurudi yeye, wala mtoto.

Msibani Mama Mfuko alikaa na wanawake, mkekani, kama wengine. Bosi alikuwa anapokezwa mapaja kwa mapaja, kila mmoja akimkumbatia na kumlilia kichwani, naye akijinyofoa na kuwaangalia midomo yao inavyopinda. Ghafla akamwona. Alikanyaga miguu ya watu mpaka alipomfikia, akasimama mbele yake karibu kabisa, akaweka vidole kidevuni na kugeuza kiganja.

Katika ukumbi ule, watu wawili tu ndio waliojua kwamba mtoto amesema kitu. Bibi alikuwa amekaa upande wa pili, ameinua uso, anawatazama. Mama Mfuko alifikiria kitu kimoja, kwamba yule aliyezikwa jana alikuwa amemficha mama mkwe wake, na kwamba si leo, si mbele ya umati huu, pa kumwanika maiti. Akaichukua mikono ya Bosi. Akaikunja ndani ya yake, kama alivyoona ikikunjwa.

Mtoto alimtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akaivuta mikono yake, akaondoka.

Alijiambia ataeleza msiba ukiisha. Msiba uliisha. Wiki moja kituo kilikuwa na mkutano, nyingine ilinyesha. Wiki iliyofuata alifika mpaka kwenye kona, akaziona friji za uani zimesimama wazi, akageuka. Alimwambia mumewe kwamba anawapa nafasi ya kuomboleza. Mumewe, aliyekuwa anakata picha kwa mkasi, alimuuliza na Bosi anaomboleza na nani.

Aliyekuja ni fundi. Alimkuta kituoni, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akaomba radhi kwa kusumbua. Alisema mtoto ana tatizo kidevuni. Anakigonga kutwa nzima, kwa vidole, mpaka ngozi imechubuka. Bibi yake alidhani ni meno, akampaka dawa ya fizi. Halafu wakadhani ni muwasho, wakanunua dawa ya kupaka. Sasa hivi ameacha, ila ameacha na mambo mengine, hata kunyooshea kidole anachokitaka hanyooshi, anakula akilishwa na asipolishwa hali. Alitaka kujua kama ni mambo ya masikio.

Mama Mfuko alimwomba akae. Akamweleza yote, kuanzia kwenye beseni. Hakujipunguzia. Fundi alisikiliza ameinamisha kichwa, akiikunja kofia mpaka ikapoteza umbo mikononi mwake.

"Kwa hiyo walikuwa wanaongea," alisema.

"Ndiyo."

"Ndani ya nyumba yangu. Nikiwa pale uani."

"Ndiyo, baba."

Mama Mfuko alisubiri fundi amgombeze. Angeshukuru. Fundi aliinua macho mekundu, na alichouliza ni kimoja tu, kama mtu anayeomba kuonyeshwa picha.

"Alikuwa anasema nini?"

Walikwenda pamoja. Bibi alikuwa ukumbini anapanga mitumba, akikunja mashati na kuyafumua na kuyakunja upya. Alikuwa amezeeka kwa kasi. Nguo yake yenyewe ilionekana imetoka kwenye rundo lile. Mwanawe ndiye aliyemweleza, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, na Mama Mfuko alisimama karibu na mlango kwa sababu hakuambiwa akae. Bibi hakukatiza. Aliposikia habari ya kidevu, shati lilimtoka mikononi.

"Nilimpaka dawa," alisema. "Alikuwa ananiuliza, mimi namfunga mikono nimpake dawa."

Hakulia. Alimgeukia Mama Mfuko, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama.

"Uliniuliza mara moja, mwanangu. Mara moja, nikakataa, ukaniacha. Mimi mara ya kwanza nakataa kila kitu, muulize huyu. Fundi friji mzima, na friji nilikataa isiingie jikoni kwangu. Simu nilikataa. Marehemu mwenyewe nilimkataa alipoletwa hapa." Alishusha pumzi. "Ungerudi ningekataa tena. Na tena. Halafu ningekaa hapo chini nijifunze."

Mama Mfuko alisema ni kweli.

Bosi alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na dirisha, mikono ameikalia. Kovu dogo lenye mafuta liling'aa kidevuni. Mama Mfuko alipiga magoti mbele yake, akamwita kwa alama aliyokuwa amempa zamani, ile ya bosi, mikono kiunoni. Mtoto alimtazama kama unavyomtazama mtu anayepita barabarani, halafu akageukia dirisha. Mama Mfuko akamwonyesha maziwa. Akamwonyesha moto. Mtoto hakugeuka.

"Nionyeshe hiyo ya mama," bibi alisema nyuma yake.

Akamwonyesha. Vidole vya bibi vilikuwa vigumu kwa ugonjwa wa viungo, havikunyooka vizuri. Alivikusanya kwa mkono wa pili, akaenda akachuchumaa kwa shida upande wa dirisha, mahali ambapo mtoto hakuwa na budi kumwona, akagonga kidevu chake. Mara moja, mara mbili.

Uso wa Bosi ulifunguka wote. Bibi, yule ambaye mbele yake mikono ililala, alikuwa amesema mama. Mtoto aliruka, akaitoa mikono yake chini ya mapaja, akavuka rundo la mitumba kwa mbio, akafika kwenye pazia la kijani na kulivuta.

Nyuma yake palikuwa na kiti chenye nguo za kufua.

Alisimama hapo ameshika pazia. Halafu aliliachia, akarudi nyuma hatua moja, akakaa chini na kuliangalia, na hakuna mtu ukumbini aliyeweza kumsogelea. Fundi alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Bibi alibaki amechuchumaa, vidole viwili bado viko kidevuni, hajui aviweke wapi.

"Nimwambieje," aliuliza, "kwamba haji tena?"

Mama Mfuko alizipitia alama zote walizokuwa wamempa mtoto, yeye na marehemu, siku zote za gulio, wakichagua kwa furaha lipi lifuate. Ilikuwepo ile ya kufuta viganja. Lakini Bosi aliitumia kwa maziwa na kwa maji ya kuoga, na hivyo vikiisha leo kesho vinakuwepo. Alipojibu, alijibu kwa sauti ndogo sana, hata fundi aliyesimama karibu nao hakuisikia.

"Hatukufika huko, mama."